Fumbo Lipunguze Hadi Lihesabike kwa Vidole

Hotuba kwa vijana wanaojiandaa na usaili wa kazi za programu, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wenzangu wa kazini, na ninyi vijana mliofika tangu asubuhi, wengine mkiwa mmepanda daladala mbili kutoka Mbagala na Gongo la Mboto hadi hapa Kijitonyama, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie mafumbo ya algoriti, yaani ya kupanga hatua za kutatua tatizo, na ya uwezekano ambayo waajiri wa kazi zetu huwapa watu wakati wa usaili. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu kwa miaka kadhaa sasa nimekaa upande wa pili wa meza nikiwa msaili, na nimewaona vijana wenye akili nzuri wakiondoka bila kazi, si kwa sababu fumbo liliwashinda, bali kwa sababu hawakujua pa kulianzia.

Ninalo jambo moja la kuwaambia, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka hilo. Fumbo lolote unalopewa, hata likiwa na karata 52, ghorofa 100 au majina milioni moja, lipunguze kwanza hadi liwe dogo kiasi cha kuhesabika kwa vidole, kisha ulihesabu kwa sauti, msaili akisikia, kwa maneno yaleyale uliyojifunzia kuhesabu ulipokuwa mtoto.

Usaili wenyewe, kwa wale ambao bado hawajaupitia, kwa kawaida huchukua dakika 45 au saa nzima. Wewe na msaili mnaweza kuwa chumba kimoja mbele ya ubao, au mkawa mnaonana kwenye kompyuta, wewe ukiwa Tabata na mwenzako akiwa nchi nyingine, huku kila herufi unayoandika akiiona papo hapo. Anakupa swali fupi, kisha anakaa kusikiliza. Wengi hudhani kwamba anasubiri jibu. Jibu analo tangu jana. Asichokijua ni jinsi mtakavyofanya kazi pamoja siku ambayo hata yeye jibu hatakuwa nalo, na njia pekee ya kulijua hilo ni kukusikia unavyofikiri. Ukinyamaza dakika kumi na tano, umemnyima kile kile alichokifuata.

Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa yalinipata. Usaili wangu wa kwanza wa namna hii niliufanya mwaka niliomaliza chuo, nikiwa naishi Sinza kwa kaka yangu. Niliulizwa swali linaloonekana jepesi: andika programu ya kuchanga karata 52 ili kila mpangilio uwe na nafasi sawa ya kutokea. Niliandika kwa dakika tano. Programu yangu ilipita kwenye karata moja baada ya nyingine, na kila ilipofika kwenye karata ilichagua kwa bahati nasibu nafasi yoyote kati ya zote 52, ikabadilishana karata hiyo na ile iliyoikuta kwenye nafasi iliyochaguliwa. Msaili alisoma, akaniuliza kwa upole, “Umejuaje kwamba nafasi ni sawa?” Nikamjibu kwamba kila kitu kimechaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo lazima ziwe sawa. Akauliza tena, “Umejuaje?” Nikanyamaza, na nikakaa hivyo hadi muda ulipoisha. Kazi sikuipata.

Usiku ule nilichomoa karata tatu kwenye karata za kaka, moja ya kopa, moja ya uru na moja ya pau, nikaketi nazo mezani pamoja na penseli. Karata tatu zina mipangilio 6 tu, yaani 3 mara 2 mara 1. Programu yangu, ikipewa karata tatu, ingechagua mara tatu, na kila mara ingekuwa na nafasi tatu za kuchagua, kwa hiyo kulikuwa na njia 27 za kupita, zote zikiwa na uwezekano uleule. Kabla hata hujaanza kuzifuata njia hizo, kosa limeshajitokeza, kwa sababu 27 haigawanyiki kwa 6 bila baki. Ukiwa na maandazi 27 na watoto 6, na huruhusiwi kukata hata moja, hakuna namna watakavyopata sawa. Lazima wapo watakaozidishiwa. Mimi sikuridhika na hoja peke yake, nikazifuata njia zote 27 moja baada ya nyingine, nikihamisha karata kwa mkono na kuweka alama kwenye karatasi. Mipangilio mitatu ilitokea mara 5 kila mmoja, na mitatu iliyobaki mara 4 kila mmoja. Kopa, uru, pau, mpangilio nilioanza nao, ulirudi mara 4. Uru, kopa, pau ulitokea mara 5. Tofauti hiyo si ndogo: mtu anayelijua hilo na kucheza karata kwa pesa kwenye programu kama yangu atakuwa anawaibia wenzake kila siku.

Marekebisho yake ni madogo mno. Ukifika kwenye nafasi ya kwanza, chagua kati ya karata zote tatu. Ukifika ya pili, chagua kati ya mbili zilizobaki, ile iliyokwisha kuwekwa usiiguse tena. Ya mwisho haina pa kwenda. Sasa njia ni 6 na mipangilio ni 6, kila mpangilio una njia yake moja. Ronald Fisher na Frank Yates waliieleza njia hii mwaka 1938 kwa ajili ya watu wa takwimu waliokuwa wakifanya kazi kwa karatasi na penseli, na mwaka 1964 Richard Durstenfeld akaiandika kwa namna inayoifaa kompyuta. Nilipotoka kwenye karata tatu na kurudi kwenye 52, hoja ilikuwa ileile. Idadi ya mipangilio ya karata 52 inagawanyika kwa 47, kwa kuwa 47 ni mojawapo ya namba zinazozidishwa kuipata. Lakini 52 ikizidishwa yenyewe mara 52, ambayo ndiyo idadi ya njia za programu yangu ya kwanza, haigawanyiki kwa 47, maana 47 ni namba tasa na 52 haina chochote ndani yake isipokuwa 2 na 13. Jibu nililolikosa kwa nusu saa mbele ya msaili lilikuwa ndani ya karata tatu, na laiti ningezitaja tu kwa sauti, nina hakika angenisaidia kufika.

Miaka mingi baadaye nilimsaili binti mmoja aliyekuwa hajawahi kuliona fumbo nililompa. Nilimwambia hivi: abiria wanapita mlangoni mmoja mmoja, hujui watakuwa wangapi, na daftari lako lina nafasi ya jina moja tu, ufanye nini ili mwisho wa siku jina lililomo daftarini liwe limechaguliwa kwa haki, kila abiria akiwa amepata nafasi sawa na mwenzake? Alitulia kidogo, akaniuliza, “Samahani kaka, siku inaweza kupita bila abiria hata mmoja?” Nilimwambia inaweza. Akaandika hilo pembeni. Kisha akavuta vizibo vitatu vya soda vilivyokuwa mezani tangu mchana, akaanza kusema na kutenda kwa pamoja. Akipita mmoja tu, hakuna la kuchagua, namwandika. Akipita wa pili, wawe nusu kwa nusu, basi nitarusha shilingi: kichwa nafuta na kumwandika huyu mpya, mwenge namwacha wa zamani. Akipita wa tatu, nataka naye awe na nafasi moja kati ya tatu, basi nitamwandika kwa uwezekano wa theluthi moja.

Hapo akasita, akakirudia kizibo cha kwanza. Akasema, “Ngoja kwanza, huyu wa kwanza sasa amebaki na nini?” Akahesabu: alinusurika kwa wa pili kwa nusu, akanusurika kwa wa tatu kwa theluthi mbili, na nusu ya theluthi mbili ni theluthi moja. Alitabasamu kabla sijasema neno. Kutoka hapo hakuhitaji vizibo tena, maana aliona kwamba abiria wa kumi ataandikwa kwa uwezekano wa moja ya kumi, wa elfu kwa moja ya elfu, na usawa utalindwa hata kama foleni haina mwisho. Wataalamu wana jina la njia hiyo, na Jeffrey Vitter alichapisha uchambuzi wake unaojulikana sana mwaka 1985. Binti huyo hakuwa amelisoma jina hilo popote. Alikuja kufanya kazi nasi, na hadi leo kazi yetu ya kuchukua sampuli ya miamala inayopita bila kusimama inategemea wazo hilohilo la vizibo.

Naomba mtazame tena alichofanya, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba alikuwa na kipaji tu. Aliuliza kabla ya kujibu. Wengi wetu tumelelewa kuona kwamba kuuliza katika mtihani ni dalili ya kutojua, na msimamizi wa mtihani kweli huwa hajibu. Lakini usaili si chumba cha mtihani, na swali la msaili mara nyingi limeachwa wazi makusudi ili aone kama utauliza. Halafu alianza na mtu mmoja, akaenda kwa wawili, akaenda kwa watatu, na hakuruka. Na aliposita, alisita kwa sauti.

Mafumbo ya uwezekano yanahitaji utaratibu huu kuliko mengine yote, kwa kuwa humo hisia zetu hutudanganya sana. Chukua shilingi isiyo na upendeleo, uirushe hadi upate kichwa kinachofuatwa na kichwa, kisha uhesabu ulirusha mara ngapi. Mwenzako naye arushe hadi apate kichwa kinachofuatwa na mwenge. Nani kwa wastani atasubiri zaidi? Karibu kila ninayemuuliza hujibu kwamba ni sawa, kwa hoja kwamba katika mirusho miwili kila jozi ina uwezekano wa robo. Robo ni kweli, lakini swali linahusu kusubiri. Yule anayengoja mwenge baada ya kichwa, akishapata kichwa hawezi kurudi nyuma: akipata kichwa tena, bado ana kichwa mkononi, anaendelea kungoja mwenge. Kwa wastani mirusho 2 ya kupata kichwa, mingine 2 ya kupata mwenge, jumla 4. Wewe unayengoja vichwa viwili huna bahati hiyo, maana ukipata mwenge baada ya kichwa, kila kitu kimefutika na unaanza upya. Mirusho 2 ya kufikia kichwa cha kwanza, mmoja zaidi wa kujaribu, na nusu ya mara zote unarudi mwanzo. Wastani wako ni 3 kujumlisha nusu ya wastani wenyewe, na namba pekee inayotimiza hilo ni 6. Msioamini, rusheni leo jioni mara mia moja na kuandika. Ningependa sana msiamini.

Lingine nitalipitia upesi. Tuseme kampuni ina mfumo wa kunasa miamala ya udanganyifu kwenye pesa za simu, na kati ya miamala 100,000 iliyopita, 100 ni ya udanganyifu. Mfumo unanasa 99 kati ya hiyo 100, lakini pia unaishuku kimakosa 1 kati ya kila 100 ya miamala safi. Kengele ikilia, uwezekano kwamba kweli ni udanganyifu ni kiasi gani? Mtu atasema asilimia 99. Hesabu miamala yenyewe: iliyo safi ni 99,900, na 1 kati ya kila 100 ni 999 inayoshukiwa bure, hivyo kengele zote ni 1,098 na za kweli ni 99, karibu asilimia 9. Hiyo ndiyo kanuni ya Thomas Bayes, ambayo maandishi yake yalichapishwa mwaka 1763 baada ya kufa kwake. Ukiikumbuka kama fomula, hofu ya usaili itakupokonya; ukiikumbuka kama miamala inayohesabiwa, utaijenga upya hata usingizini. Na nyuma ya hesabu hiyo yuko mama mwenye kibanda cha chakula Buguruni ambaye akaunti yake imefungwa bila kosa, na mtu anayesema asilimia 99 ndiye aliyeifunga.

Sasa nisije nikawapotosha. Vidole vina mipaka yake, na mfano ninaoupenda ni ule wa kutafuta jina katika orodha iliyopangwa kwa alfabeti. Unafungua katikati, unaona jina lako liko mbele au nyuma, unaitupa nusu isiyofaa, unarudia. Majina 8 yanakuwa 4, kisha 2, kisha 1, yaani mikato mitatu. Na majina milioni moja yanaisha kwa mikato 20 tu, kwa sababu 2 ikizidishwa yenyewe mara 20 ni 1,048,576. Kwa orodha ndogo kila kitu kinakwenda sawa. Lakini mwaka 2006 Joshua Bloch aliandika kwamba utafutaji wa namna hii uliokuwemo katika maktaba, yaani mkusanyiko wa programu zilizo tayari kutumika, ya lugha ya programu ya Java, ambao yeye mwenyewe aliuandika, ulikaa na kosa kwa takriban miaka 9 bila kugunduliwa. Kosa lilikuwa katika kutafuta katikati: unajumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho, unagawa kwa 2. Namba kamili ya biti 32, yaani inayohifadhiwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1, haiwezi kuzidi 2,147,483,647, na orodha ikiwa na vitu bilioni moja na zaidi jumla hiyo inaweza kufurika na kugeuka hasi. Dawa yake ni kuanzia nafasi ya mwanzo na kuongeza nusu ya umbali hadi mwisho. Kwa hiyo mkishamaliza kuhesabu kwa vidole, mpeleke wazo lenu kwenye kingo zote: orodha tupu, orodha ya kitu kimoja, na orodha kubwa kuliko mnavyoweza kuiona. Swali la yule binti kuhusu siku isiyo na abiria lilikuwa la kingo.

Limebaki suala la lugha, nami nalipa uzito mkubwa. Wengi wetu tulijifunza kuhesabu shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia sekondari tukaambiwa tufikiri kwa Kiingereza, na usaili nao, hata wa kampuni iliyoko Posta, hapahapa Dar es Salaam, mara nyingi hufanywa kwa Kiingereza. Kijana anayehangaika na fumbo na papo hapo anahangaika na sarufi hunyamaza, na ukimya wake huandikwa kwenye fomu kana kwamba hakuwa na mawazo. Mimi huwaruhusu ninaowasaili wahesabu kwa Kiswahili, na nawaomba wenzangu wasaili mliomo humu mfanye hivyo kila mnapoweza. Hakuna upungufu wowote katika lugha hii. Neno algoriti limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 aliyeandika kwa Kiarabu, na ni Kiarabu hichohicho kilichotupa maneno hesabu na sifuri, na sita, saba na tisa tunazotumia kila siku sokoni. Mahali ambapo msaili hajui Kiswahili, hesabu kwa Kiswahili kwenye karatasi yako, kisha mweleze kwa sentensi fupi za Kiingereza ulichokiona. Sentensi fupi zinatosha. Sijawahi kumwona mtu akikataliwa kwa sentensi fupi iliyo sahihi.

Kuhusu maandalizi, nawaonya juu ya kukariri. Ninawajua vijana waliopitia mafumbo mia tatu kwa miezi miwili, wakajua kila jibu, na msaili alipobadilisha neno moja wakajibu fumbo la zamani badala ya jipya. Heri mafumbo thelathini, kila moja ukiwa umelifanya mara mbili: mara ya kwanza peke yako na penseli, mara ya pili mbele ya mwenzako ambaye kazi yake ni kukuuliza “umejuaje?” kila unapodai jambo. Kuwa na mwenza huyo si anasa. Bila yeye hutajua kwamba unanyamaza, kwa sababu ukiwa peke yako kichwani kwako kuna kelele nyingi na unadhani zinasikika.

Ndiyo maana sitaki kuzungumza tena. Nataka niwasikie ninyi. Kila wawili wakae pamoja, mmoja atatue na mwenzake asikilize, kisha mbadilishane. Karatasi na penseli ziko mezani kwenu, na kila meza ina shilingi moja. Fumbo lenu ni hili: shilingi hiyo imepinda, inaangukia kichwa mara nyingi zaidi kuliko mwenge, na hamjui ni kwa kiasi gani. Mna watoto wawili wanaogombea kiti kimoja cha dirishani, na shilingi hiyo ndiyo pekee mliyo nayo. Tafuteni namna ya kuitumia ili kila mtoto apate nafasi sawa kabisa. Mwanahisabati John von Neumann alionyesha jinsi ya kufanya hivyo mwaka 1951, lakini msimtafute kwenye simu zenu. Anzeni na mirusho miwili tu, andikeni yote manne yanayoweza kutokea, na yasomeni kwa sauti.